Kipande cha Tatu

Nilikuwa kwenye foleni ya maji hapa mtaani kwetu, Uvira, niliposikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye simu ya mama nisiyemjua. Alikuwa mbele yangu, yeye na mwenzake wameinamia simu, na mimi nilikuwa mle ndani nikifoka:

"Minye nasema hivi: ule mwenye mashini ya unga, akiendelea kuishi, avenyu yote itakufa njaa. Muke yake anajua fungulo ya mulango ya nyuma iko wapi. Ampe ule kijana, waingie, wamalize. Munaogopa nini?"

Yule mama akairudisha mwanzo, wakasikiliza tena. Mimi ndiye niliyeuliza wanaogopa nini, na palepale kwenye foleni nililipata jibu, kwa maana miguu yangu ilikataa kusogea. Siku mbili kabla ya hapo, wezi walikuwa wameingia kwenye stoo ya mtu mwenye mashine ya kusaga unga mwishoni mwa mtaa wetu. Waliingia kwa mlango wa nyuma, kwa ufunguo, bila kuvunja hata kitasa, wakampiga mlinzi kichwani mpaka akalazwa. Mtaa mzima ulikuwa unatafuta mtu aliyetoa siri.

Nilichukua ndoo yangu tupu nikarudi nyumbani. Mume wangu akaniuliza maji yako wapi, nikamwambia foleni ni ndefu.

Lazima nieleze ile sauti ilitoka wapi, maana ukiisikia peke yake hata mimi ningejikamata.

Mimi ni mshonaji. Kazi yangu ni nguo, na ugonjwa wangu ni hadithi. Tulikuwa watano wenye ugonjwa huo. Jumapili baada ya ibada tulikwenda kutazama filamu kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya duane, yaani forodha, na Jumamosi tulikutana kwenye chumba changu cha kushonea kuzungumza riwaya. Katikati ya juma tulitumiana sauti kwenye simu. Hatukuwa wasomi. Tulikuwa watu wa kubishana tu. Kuna filamu ya bwana harusi aliyekimbia kanisani iliyotugombanisha majuma matatu: mzee wa duane alimlilia bibi harusi machozi ya kweli, na mwalimu wa hesabu akasema yule bwana alifanya vizuri kukimbia, tena alichelewa.

Riwaya zilikuwa adimu. Moja ikiletwa kutoka Kigoma, ilikuwa nakala moja kwa watu watano, na hakuna aliyekuwa na subira ya kungoja mwenzake amalize. Kwa hiyo mimi nilikuwa naikata. Nachukua wembe, nafungua mgongo wa kitabu, nakigawa vipande vitano, kila kipande nakishonea jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Anayemaliza cha kwanza anampa mwenzake, anachukua cha pili. Jalada la asili lenye jina la kitabu lilikuwa linachanika mapema, tukalitupa. Niliona ni ufundi mkubwa.

Tena tulikuwa na sheria yetu. Ilikuwa mwiko kusema "kwenye kitabu" au "kwenye filamu." Watu wa hadithi tuliwazungumza kama majirani: yule mama wa kona, yule mlevi, yule mwenye mashine. Sisi ni watu wa kanisa, kusengenya ni dhambi, na ulimi unawasha. Hawa wa kwenye karatasi ndio watu pekee tuliokuwa na ruhusa ya kuwasengenya na dhamiri safi. Mimi ndiye niliyeongoza kwa ukali. Wenzangu walikuwa wanasubiri sauti zangu kwa hamu, na nilipojua wanazisubiri nilizidisha pilipili.

Riwaya ya safari hiyo ilikuwa na tajiri wa mashine ya unga aliyeficha magunia wakati wa njaa. Mwisho wa kipande cha tatu kijana mmoja mwenye njaa anamwomba mke wa tajiri ufunguo, naye anaushika mkononi na hajui afanye nini. Nilipofika hapo damu ilinichemka, nikabonyeza simu nikasema yale niliyosema. Mwalimu wa hesabu ndiye peke yake aliyenipinga. Alisema, "Hapana, mama fundi. Mutu hauawi juu ya gunia. Kwanza tumuulize anaogopa nini." Nikamcheka. Nikamwambia wapole ndio wanaoharibu dunia.

Mzee wa duane ilimfurahisha sana ile sauti yangu. Akamtumia binti yake Bukavu, acheke. Binti akaituma kwa wengine, nao wakaituma kwa wengine, na ilipofika mtaani kwetu ilikuwa imeshavuliwa kila kitu. Haikuwa na kitabu wala mzaha, na waliotangulia na waliojibu hawakuwemo. Ilikuwa mimi tu na ufunguo wangu.

Kesho yake asubuhi watu wawili walikuja kuniita kwa shefu, mkuu wa mtaa wetu. Walinisalimu vizuri, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilichukua kipande nilichokuwa nacho, cha nne, nikakifunga kwenye kitenge, nikawafuata.

Ofisi ya shefu ni chumba kimoja chenye benchi na meza. Mwenye mashine alikuwa ameketi hapo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nje watu walikuwa wanaongezeka. Hapa kwetu mtu akishapewa jina baya barabarani, si kila mara anafika kwa hakimu. Kupitia dirishani nilimwona mtu ameshika tairi kuukuu. Labda alikuwa fundi wa magari anapita na kazi yake. Sikuwa na kichwa cha kufikiri labda. Nililiangalia lile tairi na nikahisi mkojo unanibana kama mtoto.

Shefu alicheza ile sauti mbele ya wote. "Hii sauti iko ya nani?"

"Iko yangu, shefu."

Mwenye mashine akainuka. Shefu akamkalisha kwa mkono.

"Ule mwenye mashini iko nani?"

"Iko mutu wa mu kitabu, shefu. Haiko huyu papa. Iko roman, hadithi tu."

"Kitabu iko wapi?"

Nilikifungua kitenge changu, nikaweka mezani kipande cha nne. Shefu akakigeuza, akatafuta jina mbele, akatafuta nyuma. Hapakuwa na jina. Ukurasa wa kwanza ulianzia katikati ya sentensi. Jalada lilikuwa karatasi ya saruji, na mshono ulikuwa wangu, uzi mwekundu niliobaki nao kwenye sare za kwaya.

"Hii iko kitabu ao iko makaratasi?" akauliza.

"Iko kitabu. Minye njo nilikikata."

"Unakata kitabu juu ya nini?"

Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia muongo. Nani mwenye akili anakata kitabu vipande vitano? Mwenye mashine aliomba akione, akasoma mistari michache kwa kidole, akasema hakuna habari ya ufunguo. Ni kweli, haikuwepo. Kwenye kipande cha nne tajiri alikuwa ameshaibiwa, yuko kitandani anaumwa, watu wanasali. Hata hilo halikunisaidia.

"Ile habari ya fungulo iko mu kipande cha tatu," nikasema.

"Na hicho kiko na nani?"

Nilijibu papo hapo. Nilitaja jina la mwalimu wa hesabu, nikataja nyumba, chumba cha nyuma karibu na kanisa, nikataja hata rangi ya mlango. Shefu hakuwa ameniuliza rangi ya mlango.

Sasa niseme mwalimu alikuwa nani. Alitoka kule juu, Bijombo, kwenye ng'ombe na baridi. Alishuka kufundisha, akapanga chumba kimoja, anaishi peke yake. Vita vikiwaka kule milimani, huku chini watu wa huko wanatazamwa kama wao ndio walioleta kiberiti. Kuna majirani waliokuwa wamekwisha kuacha kuitikia salamu yake. Nilijua hayo kuliko mtu yeyote, kwa sababu alinieleza mwenyewe nikimpima kiuno. Aliniambia amejifunza kupita mtaani bila kuonekana, na kwamba siku ya Jumamosi ndiyo siku pekee anayosema mpaka koo linakauka.

Ningeweza kusema, "Shefu, nipe dakika chache, nikilete mwenyewe." Maneno hayo nimeyasema mara nyingi sana tangu siku hiyo, jikoni, kanisani, kwenye cherehani. Siku ile hayakunijia. Niliogopa, na aliyeogopa anashika kilicho karibu.

Walimfuata shuleni. Tulingoja kama saa moja na nusu. Aliingia akiwa na vumbi la chaki kwenye mikono, kipande cha tatu kwapani, watu wanne wakimfuata. Hakuniangalia. Alimsalimu shefu, akamsalimu mwenye mashine, akampa pole kwa mlinzi wake. Kisha akaambiwa asome.

Alisoma amesimama. Alisoma jinsi njaa ilivyoingia kijijini, jinsi magunia yalivyopangwa hadi kwenye dari, jinsi mke alivyotoa ufunguo chini ya chungu akausikia baridi mkononi. Waliokuwa dirishani waliacha kusukumana. Mwenye mashine aliinamisha kichwa. Alipofika mwisho, pale mke anaposimama mlangoni, mtu wa nje akauliza, "Na kisha?" na mwingine akamnyamazisha.

"Ni hapa mama fundi alikasirika," mwalimu akasema. "Tunafanyaka hivyo. Tunagombana na batu ya vitabu. Minye nilimukatalia. Iko sauti yangu pia, mukitaka musikie."

Akaicheza. Chumba kizima kikamsikia akisema mtu hauawi kwa sababu ya gunia.

Mwenye mashine akainua kichwa. Akasema mambo yangu yameisha, ila nijifunze kufunga mdomo. Shefu akanirudishia kipande changu. "Mama fundi, enda nyumbani. Na hizo masauti, muache."

Nilisimama. Mwalimu naye akageuka kutoka, na shefu akasema, "Weye, bakia kidogo. Karte yako ya kitambulisho iko wapi? Ulifika Uvira mwaka gani? Unaishi na nani mu ile nyumba? Huko juu, ndugu zako wako upande gani?" Mmoja wa wale waliomleta akavuta daftari. Watu waliokuwa wanaanza kuondoka dirishani wakarudi.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilikuwa na mdomo wangu wote, ule ulioua tajiri wa watu kwa sauti ya dakika moja. Nilipaswa kusema, "Shefu, huyu ameitwa kwa ajili yangu, tutoke pamoja." Nilitazama nje kama lile tairi bado lipo. Halikuwepo. Nikatoka. Sikukimbia, ila nilikwenda mbiombio, na nilipofika kwangu nilifunga mlango kwa komeo mchana kweupe.

Walimwachia jioni. Najua kwa sababu nilikuwa nachungulia barabara kupitia pazia, nikamwona anapita, begi la shule begani, pembezoni kabisa mwa njia. Nilimshukuru Mungu, na sikutoka kumsalimu. Siku mbili sikutoka. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilinipeleka nyuma ya mlango. Kundi letu lilinyamaza kwenye simu, na mzee wa duane akalifuta bila kumwambia mtu.

Siku ya tatu nilimpikia mboga ya lengalenga na samaki, nikaenda kwake. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuta mlango uko wazi na godoro limekunjwa, limefungwa kamba. Alikuwa anapanga vyombo kwenye beseni. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia hataki nyumba yake iandikwe kwenye daftari la mtu. Angekwenda Bwegera kwa shangazi yake aliyeolewa huko, na baada ya hapo hakujua.

Niliweka sufuria chini. Maneno yote niliyopanga yalinikimbia, nikabaki kusema, "Unisamehe, mwalimu. Niliogopa sana."

"Najua uliogopa," akasema. "Na minye niliogopa."

Akafuta beseni kwa kitambaa, taratibu, mpaka ukingoni. Kisha akaketi juu ya godoro, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akaniangalia usoni.

"Dada, nataka nikuulize kitu kimoja tu. Walikuuliza mara ngapi kabla utaje jina yangu?"

Ningeweza kudanganya. Hakuwepo, asingejua.

"Mara moja," nikamwambia. "Hata hawakupandisha sauti."