Upinde Uliovutwa Kabla ya Baba

Kila nikisimulia jambo hili, lazima atokee mtu wa kuniuliza kama nilikuwa nimelewa. Mimi sinywi pombe. Na usidhani ilikuwa usiku wa manane. Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, jua limepiga mabati mpaka yanalia. Nililoliona nililiona kwa macho haya mawili, na wewe ukitaka kucheka, cheka sasa, kwa sababu baadaye hutapata nafasi.

Mimi ni seremala na mchonga vinyago. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Jericho, hapa Nairobi. Wateja wa twiga na simba wakipotea, natengeneza vitanda na viti, na nisikufiche, natengeneza majeneza pia. Usinikunjie uso. Watu hawaachi kufa, na lazima mtu awagongee sanduku.

Wazazi wangu wanaishi mtaa wa Fedha. Baba alitumia maisha yake akiendesha lori, lakini ujanani, huko kwetu Ukambani, kabla uwindaji haujapigwa marufuku, alikuwa mpiga upinde. Alipostaafu alikuwa akija kibandani kwangu, anaokota upinde mmoja kati ya zile ndogo ninazochongea watalii, anavuta uzi kwa kidole kimoja na kuurudisha mezani. “Hii ni ya kutundika ukutani,” anasema. Basi. Miaka ishirini sikuwahi kusikia neno jingine kutoka kwake kuhusu kazi yangu.

Mwaka juzi moyo wake ulianza kuchoka. Daktari akatuambia tusihesabu miezi mingi. Nilipoenda kumwona, alinishika mkono akasema, “Nitengenezee upinde wa kweli. Niuvute mara moja tu, nitosheke.” Baba yangu hakuwahi kuniomba kitu. Niliondoka pale nimevimba kifua na machozi yakiwa karibu, vyote kwa pamoja.

Sasa sikiliza vizuri, maana kosa langu liko hapa. Upinde wa kweli hupimwa kwa mwili wa mwenyewe. Unachukua uzi, unampima kutoka unyayo hadi kidevu, unafunga fundo. Na sisi wa majeneza tunapima hivyo hivyo, kwa uzi, kisha uzi wa marehemu tunauweka chini ya mto wake azikwe nao. Fundi aliyenifundisha alinikataza kabisa kubaki nao. Juma lile nilikuwa nimempima marehemu mmoja, mzee wa Makadara aliyekuwa akifanya kazi ya reli. Nilimpima mochari, amefunikwa shuka, hata uso sikuuona. Jeneza likachukuliwa mbio mbio, familia ina basi la kwenda Busia, na ule uzi ukabaki kwenye mfuko wa aproni yangu. Nilipofika Fedha nikapapasa mfukoni, nikautoa, nikampimia Baba kwa uzi huo huo, nikafunga fundo lake. Nilijua ni wa marehemu. Nilijiambia uzi ni uzi.

Mti nilikuwa nao, mkone ulioletwa kutoka Kitui, umekauka miezi minane chini ya kitanda changu. Nikaukata kwa kufuata fundo la mbali. Niliona umezidi urefu kidogo, nikafikiri labda ni ugonjwa unaofanya Baba aonekane mfupi. Kwa nini sikusimama nikaangalia kwamba uzi una mafundo mawili? Sijui. Nina haraka zangu.

Nikauchonga kwa tezo, kisha tupa, kisha kipande cha chupa iliyovunjika, ambacho hukwangua mti taratibu kuliko msasa. Kuuchonga si shida. Shida ni kuufundisha kupinda. Unauning'iniza kwenye kigingi, unavuta uzi chini kidogo, unarudi nyuma hatua tatu, unaangalia kama nusu ya juu na nusu ya chini zinapinda sawa. Upande ulio mgumu unakwanguliwa, unavuta tena, unaangalia tena. Ukikwangua kupita kiasi umeuua upinde, mti haurudishiwi.

Na kuna sharti moja la ukoo wetu. Fundi huuvuta hadi nusu tu. Mvuto kamili wa kwanza, ule wa kufikisha uzi sikioni, ni wa mwenyewe. Baba aliniambia upinde mpya haujui ni wa nani, na anayeuvuta wa kwanza ndiye anayeuambia.

Basi Jumapili ile soko limelala, watu wako kanisani au wamelala baada ya chakula. Kwa siku nne nilikuwa nimekwama. Nusu ya chini ilikuwa imekakamaa na mimi naogopa kuikwangua. Simu imelia asubuhi, Mama anasema Baba hajala tangu juzi, anauliza tu upinde uko wapi.

Nikasikia mtu mlangoni akinisalimu kwa Kiluhya, “Mulembe, fundi.”

Alikuwa mzee mrefu, amevaa suti nyeusi na tai, kama mtu aliyetoka ibada. Sauti yake ilitokea puani kama ya mwenye mafua makali. Nikamkaribisha kwa jicho moja, jingine liko kwenye kazi.

“Hapo chini,” akasema. “Shubiri moja kutoka mshikio. Kuna kifundo cha tawi kimejificha. Usikwangue kwenye kifundo, kwangua pembeni yake.”

“Mzee, wewe unajua pinde?”

“Huu naujua.”

Nikakwangua pembeni, mara tano, mara sita. Nikavuta. Wewe! Ule upinde ukapinda kama mwezi mchanga, juu sawa, chini sawa. Siku nne za mateso zimekwisha kwa dakika kumi. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nilitaka kumkumbatia yule mzee.

“Nipe niujaribu,” akasema.

Nilijua sharti. Lakini mtu amekuokoa, amekuvalia suti, ni mkubwa wako kwa umri, utamnyima? Nikampa. Akaushika kwa mkono wa kulia, akavuta kwa wa kushoto, akauvuta mpaka uzi ukagusa sikio lake. Akakaa hivyo muda mrefu. Mkono hautetemeki. Kifua hakipandi wala hakishuki. Kisha akaurudisha polepole, akaniwekea mikononi.

“Umenipima vizuri,” akasema. “Kazi safi, fundi.”

Akageuka aende, na hapo ndipo nilipouona mgongo wake. Lile koti lilikuwa limepasuliwa nyuma, kutoka ukosi hadi chini. Na shati ndani yake limepasuliwa vilevile. Mtu mwingine angefikiri ni umaskini. Mimi nimefanya kazi hii. Najua ni nani huvalishwa suti iliyochanwa mgongoni, kwa sababu mikono yake haikunjiki tena kuingia kwenye mikono ya koti. Na nikaelewa yale mafua pia. Ni pamba wanayozibwa maiti puani.

Nilipotoka nje, uchochoro ulikuwa mtupu. Mshikio wa upinde ulinuka ile dawa ya mochari. Nikatoa uzi mfukoni na kuutandaza mezani. Mafundo mawili. La mbali si la Baba.

Ningefanya nini? Niambie wewe. Mti mwingine mkavu sina, wa kukausha unataka miezi minane, na Baba hana hata mmoja. Nikaukata uzi wa upinde, nikafunga mwingine mpya wa kano. Nikausugua mshikio kwa limau, nikapaka mafuta. Nikajishawishi kwamba mambo yamekwisha. Kesho yake nikaupeleka Fedha.

Mama alikuwa amemkalisha Baba kitandani, amemnyoa ndevu, amemvisha shati la Krismasi. Baba akaupokea upinde kwa mikono miwili. Akaupapasa kutoka ncha hadi ncha, na uso wake ukafunguka namna ambayo sikuwahi kuiona. “Huu si wa ukutani,” akasema. Nakwambia, nilikuwa nimesubiri maneno hayo tangu nikiwa kijana.

Kisha akasita. Akaunusa mshikio. Akaniangalia machoni.

“Kuna mtu ameuvuta?”

Mama alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu. Ningesema ndiyo, angeuweka chini, na angekufa bila kuuvuta, lakini angekufa akiwa yeye. Hilo nalijua leo. Wakati ule niliogopa tu kumwona akikunja tena uso.

“Hapana, Baba. Nimekuachia wewe.”

Akaniamini. Akaushika upinde kwa mkono wa kulia, akavuta kwa wa kushoto. Baba yangu hajawahi kutumia mkono wa kushoto kwa jambo lolote, hata kufunga kifungo. Akauvuta mpaka sikioni, yeye ambaye jana yake alikuwa hawezi kuinua kikombe. Mama akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa natazama kifua cha Baba, nasubiri kipumue. Kilikaa muda mrefu. Kisha kikapanda.

Akashusha upinde, akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyekurekebishia mlango.

“Asante, fundi,” akasema kwa sauti ya puani.

Baba hakufa. Moyo ule uliokuwa umechoka unadunda mpaka leo, anakula, anatembea hadi dukani na kurudi. Daktari anasema ni maajabu, na kwamba kusahau kwake ni uzee tu. Lakini uzee unamfundisha vipi Mkamba aliyeendesha lori kutaja vituo vyote vya reli hadi Kisumu? Uzee unamfundisha vipi kuita kila alfajiri jina la Nekesa?

Nilimtafuta huyo Nekesa. Ni mjane wa yule mzee wa Makadara. Nilimleta Fedha nikitumaini kwamba atamkana, atasema huyu simjui, nami nipumue. Baba akainuka akamuuliza kama bado anaweka funguo za kabati ndani ya birika lililotoboka. Yule mama aliketi sakafuni akalia mpaka majirani wakaja.

Sasa huja kila Jumapili. Huketi na Baba sebuleni wanaongea lugha yao, wanacheka, na Mama anawachemshia chai kisha anakaa jikoni peke yake, kwa sababu pale sebuleni anaitwa “mama wa nyumba hii”. Nimejaribu kuuchoma ule upinde. Baba alipiga kelele kana kwamba nimemtia moto yeye, nikauacha.

Mama yangu si mjinga. Wiki iliyopita alinikuta naosha vikombe, akazima bomba ili nisiwe na kisingizio cha kutosikia. “Wewe ndiye uliuleta,” akasema. “Niambie, mwanangu. Nianze kuvaa nguo nyeusi, au niendelee kumsubiri?”

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama kazi yako ni ya kupima watu, kata uzi mpya kwa kila mmoja, na wa marehemu mpe marehemu. Hilo ni rahisi. Gumu ni hili jingine. Ukiulizwa swali na mtu anayekuamini, na unajua jibu litamvunja moyo, mwache avunjike moyo. Mimi nilimdanganya Baba kwa sababu nilimpenda, na sasa Mama anangoja jibu langu.