Somo Lililomruka Adelino

Adelino Borba alikuwa na miaka thelathini na minane, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia ndani ya shimo la kukamulia, kwato za ng'ombe zikiwa usawa wa kifua chake. Wareno wengi wa Bonde la Kati la California ndivyo walivyolelewa. Yeye lakini alitaka kufundisha hesabu sekondari, na kwa miaka sita alikuwa akisoma kozi mojamoja kwenye vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili kabla ya chuo kikuu, akiingia darasani ananuka maziwa.

Alikuwa na siri. Kila somo lilipogusa zile namba zinazojumlishwa bila kikomo, wenzake walitikisa vichwa, naye akatikisa, hali hakuambulia kitu. Akakariri majibu akapita hivyohivyo. Aliamini ana tundu kichwani, na hakumwambia mtu. Mficha uchi hazai, na Adelino aliuficha wake miaka minne.

Mwezi wa tano ikaja barua ya chuo kikuu. Amepokewa, ila kozi zake za kalkulasi zina pengo. Asipoliziba kabla Agosti haijaisha, nafasi atapewa mwingine.

Siku hiyohiyo alimwendea mshauri wa wanafunzi wa chuo chake cha jamii, Bi Tillman, aliyeweka karatasi mbili mezani na kuzitazama kwa zamu.

"Mafungu mawili ya kwanza ya kalkulasi ulisomea wapi?"

"Kule pwani, nilipokuwa nakamua kwa mjomba. Alipouza ng'ombe nikahamia huku. Mkaniambia mawili ni mawili, niingie la tatu."

Bi Tillman akashusha pumzi. "Hapo ndipo tulipokukosea. Wao somo hilo wanaligawa mafungu manne, sisi matatu. Namba zisizo na mwisho wao huzifundisha fungu la tatu, sisi la pili. Wewe umepita katikati. Hakuna aliyewahi kukufundisha."

"Hebu rudia."

"Hakuna aliyewahi kukufundisha, Bwana Borba. Si kule, si hapa."

Adelino akacheka. Alicheka mpaka Bi Tillman akamsogezea karatasi laini akidhani analia, na kweli machozi yalikuwa yakimtoka. Miaka minne amejiita mpumbavu kwa jambo ambalo hakuna aliyemfundisha! Mimi ningewatukana wa pwani na wa bondeni. Yeye alisema asante, akauliza darasa linaanza lini.

Lilianza kiangazi, wiki sita, kila siku saa mbili asubuhi. Ng'ombe nao huwa hawajamalizwa kukamuliwa mpaka saa nne. Ikabidi amkabili mwenye ng'ombe, Gilberto Fagundes, baba yake wa ubatizo, mzee wa miaka sabini na moja mwenye goti bovu na mdomo mzima.

"Wiki sita!" Gilberto alisema. "Na ng'ombe mia tatu niwakamue kwa kitu gani, kwa rozari?"

"Nitatafuta mtu, Padrinho," Adelino alisema, akimwita baba wa ubatizo kwa Kireno.

"Mtu gani? Kama yule wa mwaka jana, aliyekimbizwa na ndama?" Akatema mate pembeni. "Miaka sita unakwenda huko. Hesabu gani hiyo isiyokwisha?"

"Hiyohiyo isiyokwisha ndiyo imebaki." Adelino alijilazimisha kuendelea. "Siku zote nilidhani sina akili. Kumbe walinirusha somo zima."

Mzee mwenyewe aliacha shule darasa la nne, kule visiwa vya Ureno alikozaliwa, akapelekwa kuchunga.

"Ulipokuwa na miaka tisa," alisema, "ulikuwa unajumlisha maziwa ya wiki kichwani, mimi bado natafuta kalamu. Nani alikwambia huna akili?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi jiombe radhi." Akaiangua aproni ya mpira msumarini, akaanza kujifunga. "Maji umeshayavulia nguo, kayaoge. Goti langu halikuhusu."

Jumatatu Adelino alikaa mstari wa mbele. Mwalimu alikuwa Bwana Hovsepian, yuleyule aliyemfundisha fungu la tatu. Aliandika ubaoni moja, akajumlisha nusu, robo, thumni, kisha akaweka nukta tatu.

"Mwanzo huu nyote mnaujua. Tuendelee."

Vichwa vikatikisika. Cha Adelino nacho kilianza kutikisika kwa mazoea. Akakizuia, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi siujui. Sijawahi kufundishwa."

Hovsepian akavua miwani. "Borba? Ulikaa kwangu muhula mzima. Mbona hukusema?"

"Nilidhani wengine wote wanajua."

Binti mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi sijui." Na kijana wa dirishani naye akasema hajui. Hovsepian akawatazama mmoja mmoja, akafuta ubao wote, akaanza upya na ile moja.

Agosti haikuisha kabla ya pengo kuzibwa, kwa alama ya juu kuliko zote darasani, na nafasi ikabaki yake. Siku hizi asubuhi Adelino yuko chuo kikuu. Shimoni yumo Gilberto, goti amelifunga kitambaa, anawalalamikia ng'ombe kwamba mwanawe wa ubatizo amekwenda kutafuta hesabu nyingine isiyokwisha, na kila mgeni akipita uani humwita aje asikie.