Jicho la Kulia la Dada Taa

Mtaani walimwita Dada Taa, kwa sababu mteja akikaa kwenye stuli yake kupigwa picha, yeye hakugusa kamera mpaka ahamishe taa mara nne tano. Aliisogeza, akairudisha, akaiinua, kisha akamtazama mtu machoni kwa karibu kama anayetafuta unyoya ulioingia. Wenye haraka walinung'unika. "Dada, napigwa picha au napimwa macho?" Yeye alicheka tu, akaendelea na taa yake.

Alichotafuta ni nyota. Ndivyo alivyoita ile punje ya mwanga inayokaa juu kidogo ya mboni, taa inapojiakisi jichoni. "Jicho lisilo na nyota ni shimo," alisema. "Hata mtu akicheka, picha inakuwa ya marehemu." Taa ikiwekwa chini, nyota nayo hushuka na mtu akatisha watoto. Zikiwa mbili, anaonekana kama ana mtoto wa jicho. Kwa hiyo aliwasha taa moja tu, kubwa, iliyofunikwa kitambaa cheupe, juu na pembeni ya uso wa mteja. Mteja mwenyewe alishika ubao mweupe chini ya kifua, ili mwanga urudi juu na kufuta kivuli cha kope.

Baadaye, kwenye kompyuta, aliipa mboni mng'ao kidogo, akapunguza wekundu wa jicho lakini hakuumaliza. Jicho la mtu si sahani, alisema. Likiwa jeupe pe, hata mama mzazi atalikimbia.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Katika chumba cha nyuma mumewe alishona nguo, na siku nzima mlio wa cherehani ulipita ukutani.

Asubuhi moja alikuwa akimpanga mkunga mstaafu, bibi aliyewazalisha nusu ya mtaa na sasa akitaka picha ya kuwaachia wanawe. Ghafla Dada Taa akaona taa ikimulika pembeni mwa jicho lake la kulia. Akageuka. Hapakuwa na kitu. Ikamulika tena, kama upinde mwembamba wa radi. Mkunga alipoondoka, alimwita mumewe akague nyaya. Mume akafungua taa, akanusa, akaikaza skrubu iliyokuwa imekazwa tangu mwanzo.

"Taa yako nzima, mama," akasema.

Jioni akinawa uso, macho ameyafumba na sabuni imejaa, mwanga ule ukapita tena. Taa inayomulika ukiwa umefumba macho haiko kwenye nyaya.

Hakumwambia mtu. Baba yake alikuwa mwashi, na alipofuka angali na nguvu za kubeba mfuko wa saruji. Yeye, binti mkubwa, ndiye aliyemshika mkono kwenda chooni na kurudi. Alikumbuka baba alivyoanza kwa kulalamika kwamba anaona masizi hewani, na wote nyumbani wakamcheka, na yeye baba akacheka nao.

Masizi yakaja. Alikuwa ameikuza picha ya mkunga mpaka uso ukakaribia kujaza kioo, akaona vidoa vyeusi shavuni. Akavifuta. Vikatokea kwenye paji la uso. Akavifuta tena, vikahamia kwenye ukuta wa nyuma. Akachukua kitambaa akasugua kioo cha kompyuta, halafu akatazama dari, na vidoa vikamfuata darini, vikielea taratibu kama mbu waliolewa.

Aliimaliza picha ile vidoa vikiendelea kuelea, akaichapa, akaipeleka.

Mkunga akairudisha mwenyewe. Akaiweka mezani, akavuta stuli akaketi bila kukaribishwa.

"Binti yangu, macho haya umeyatoa wapi?"

Dada Taa akaitazama kwa jicho la kushoto. Jicho la picha lilikuwa jeupe kama chokaa, na nyota zilikuwa mbili, moja imezama chini ya mboni. Aliitia mwenyewe na hakuiona.

"Nitairekebisha, bibi."

"Picha si kitu. Unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Nimewashika wanawake wengi wakiniambia hawaumwi," mkunga akasema, "na sura zao zilikuwa kama hiyo yako. Nenda hospitali leo."

Hakwenda. Aliogopa macho kupofuka, lakini aliogopa zaidi kuambiwa. Maadamu hajaambiwa, alijiona bado ana nafasi ya kubahatisha. Alikula kidogo, alijibu kwa mkato, na mumewe alipomuuliza kulikoni, alisema ni kichwa tu.

Siku iliyofuata alikuja kijana aliyetaka picha ya kuombea kazi. Dada Taa akapanga taa, akainua kamera, akachungulia kwa jicho la kulia kama alivyozoea. Kijana hakuwa na kidevu. Chini ya midomo palikuwa peusi. Akadhani mkanda wa kamera umeziba lenzi, akauondoa. Akabadili lenzi. Akashusha kamera, akafumba jicho la kushoto, akamtazama kijana waziwazi. Weusi ulikuwa umepanda hadi puani, ukicheza pembezoni kama pazia linalopigwa na upepo.

Akaketi sakafuni, kamera mapajani, akamwita mumewe kwa sauti ndogo ambayo haikutarajiwa kupita ule mlio wa cherehani. Lakini ilipita. Mume akaja na futi ya kupimia shingoni.

"Sioni," akamwambia.

"Jicho gani?"

"La kulia."

"Kulia utalia baadaye. Sasa inuka twende," mume akasema. Utani ulikuwa mdomoni tu. Vidole vyake vilivyomshika kwapani vilikuwa baridi.

Hospitalini daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimmulika kwa muda mrefu kabla ya kusema lolote.

"Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha," akasema. "Wako umechanika na unabanduka, kama rangi ya ukuta ulioingia maji. Katikati bado pameshika. Tukisubiri, napo patabanduka. Nataka nikupasue leo."

"Baba yangu alipofuka."

"Huenda ni ugonjwa huuhuu. Hutembea kwenye ukoo."

"Aliletwa hospitali amechelewa," akasema.

"Wewe hujachelewa sana," daktari akajibu. Lile neno *sana* likamkaa kifuani.

Hawakumlaza usingizi, walilitia ganzi jicho tu. Uso ulifunikwa kitambaa, ukabaki mwanga mtupu, na ndani ya mwanga akaona kivuli cha chombo chembamba kikiingia na kutembea. Alitaka kupiga kelele lakini aliambiwa asitikisike. Akashika ukingo wa kitanda mpaka kucha zikauma.

"Daktari, mwanga wako mkali."

"Unauona?"

"Nauona."

"Basi nimefurahi. Tulia hivyohivyo."

Walilijaza jicho hewa ya kuubana utando mahali pake, na ili hewa ifanye kazi ilimbidi alale kifudifudi, siku nenda siku rudi. Mumewe alimshonea mto wenye tundu la uso. Gizani mle hofu ilikuwa na nafasi ya kutosha. Alijiona anapapasa kuta, anakosea kikombe, anaongozwa. Mumewe alipojua hayo, aliuvuta mto ukatokeza nje ya ukingo wa kitanda, akatandika mkeka sakafuni chini yake, akalala chali, ili wakizungumza atazamane naye. Mara nyingi alisinzia katikati ya sentensi akakoroma, naye akabaki akimsikiliza, akishukuru kwa ile kelele.

Jicho lilirudi, ila si lote. Lilipona likiwa na hitilafu: fremu ya mlango ilionekana imepinda katikati, na sura za watu zilibonyea upande. Kamera akaihamishia jicho la kushoto, kwa shida, kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono mwingine. Akisafisha picha kwenye kompyuta, humwita mumewe azikague naye. Alimpiga mkunga picha upya, na safari hii mkunga hakuirudisha.

Woga haukumwacha. Gari likimulika dirisha, husimama, akafumba macho kuhakikisha mwanga ule ni wa gari.

Daktari alitaka ndugu zake nao wachunguzwe macho, akabaki kaka yake mdogo, dereva wa lori, aliyekataa kupimwa. "Mimi naona kama mwewe," alisema. Dada Taa hakubishana. Alimsimulia tu habari ya yule kijana aliyekosa kidevu. Kaka akazima redio.

Hospitalini walimkuta na mpasuko mdogo jicho la kushoto, wakauchoma kwa miale kabla haujapanuka. Alipotoka akaketi kwenye benchi la nje, amevaa miwani myeusi, mikono katikati ya magoti.

"Dada, niliogopa."

"Hata mimi."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo," akasema, akasogea karibu, wakakaa.