Kasuku Aliyeita Kuku Wangu

Asubuhi ile nilimkuta kasuku chini kwenye sakafu ya tundu, shingo imepinda mpaka jicho moja linaangalia juu. Aliposikia hatua zangu akafungua mdomo, akaita kama alivyozoea: kuru, kuru, kuru. Sauti ikatoka nzito, kama ya mtu mwenye makohozi. Akanyamaza, akasubiri. Hakuja kuku hata mmoja, maana wa mwisho nilikuwa nimemfukia jana yake nyuma ya choo. Akaita tena. Nilisimama na kikombe cha maji mkononi, sijui nimnyweshe au nimwambie wenzake wamekwisha. Kabla jua halijapanda juu ya paa, naye alikuwa ameondoka.

Watu wa mtaani wakasema, ni ndege tu. Haya. Ngoja nieleze alikujaje na nani kamuua, kisha waseme tena.

Mimi nilishuka hapa Same nikiwa mjane. Kwetu ni juu milimani, tulikolima maharage na tangawizi kwa maji ya ndiva, lile bwawa la udongo walilochimba wazee: usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na kila mtu ana zamu yake. Masika moja ukingo wa ndiva ulikatika. Maji yalibeba nyumba yetu na mume wangu akiwa ndani. Mimi nilikuwa zizini nakamua. Yalinizoa na mimi, mti wa kahawa ukaninasa mguu. Ndiyo maana nipo, na ndiyo maana nachechemea.

Huku mjini nilimfulia nguo mama mmoja, mwalimu mstaafu. Alipohama kwenda kuishi kwa mwanawe akaniita. "Mchukue huyu, dada. Niendako hawamtaki." Kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, na kifua kitupu kama kuku wa kuchemsha, maana alijing'oa mwenyewe kwa upweke. Nikamtazama, nikaona tunafahamiana.

Nyumbani nilikuwa na mbwa mzee, paka na kuku wa kienyeji. Tundu nikalitundika kwenye boriti ya kibaraza cha jikoni, nikafunika upande mmoja kwa kitenge apate pa kujificha. Paka alikaa chini yake kutwa, mkia unachezacheza. Basi kila asubuhi nikawa namshibisha dagaa kwanza. Hata hivyo siku moja akaingiza mkono kwenye waya, kasuku akamng'ata, paka akapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Tangu hapo wakaheshimiana. Mbwa yeye aliteswa. Kasuku alijifunza kubweka, mzee wa watu anakimbilia getini kumtafuta huyo mbwa mgeni, anarudi masikio yamelala.

Lakini kifua kilibaki kitupu. Nikimpa punje za makande anachukua moja, nyingine anaziacha. Ni kuku waliomponya. Siku hiyo nilikuwa bombani nachota maji, nikasikia sauti yangu mwenyewe inaita kuku kibarazani. Nikaacha ndoo. Kufika, kuku wote wamejazana chini ya tundu, na yeye anawamwagia mbegu zake za alizeti, kichwa kaweka upande, anawaangalia wanavyogombania. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Toka maji yale sikuwa nimecheka.

Ikawa kazi yake. Anaita, wanakuja, anagawa. Na kifuani manyoya yakaanza kuota, laini kama ya kifaranga.

Ndipo akaja shemeji, mdogo wa marehemu. Aliteremka siku ya gulio na matenga ya kuku wa kuuza, akapita kwangu na tetea mmoja kamfunga miguu.

"Shemeji, nimekuletea mbegu. Huyu anataga sana."

"Asante, shemeji. Mbona kapooza hivi?"

"Safari hiyo. Mfungue tu, atachangamka." Akamwona kasuku, akacheka. "Kumbe! Umekosa mume, ukaona uolewe na ndege?"

"Huyu angalau akiona jambo, anasema."

Akainamia chai niliyompa.

Nikamfungua yule tetea. Jioni kasuku akaita, wote wakaja, na mgeni naye akajikokota akala chini ya tundu pamoja na wenzake. Baada ya siku chache kuku wakaanza kuharisha kijani na kupinda shingo. Mtaalamu wa mifugo alipofika alitikisa kichwa. "Kideri hiki, mama. Hakina tiba, na hakibagui. Kasuku naye si ndege?"

Mke wa shemeji alinipigia simu kunipa pole, hajui hili wala lile. "Kumbe na kwenu, dada? Huku walianza kufa kabla hajashuka gulioni. Nilimwambia awafukie, akasema si hasara hiyo."

Nikakata simu, nikakaa na yale niliyokuwa nimeyameza siku zote. Kwenye matanga ya mume wangu jirani mmoja aliniambia kwamba asubuhi ile ile ya mafuriko alimkuta shemeji ukingoni mwa ndiva, anaziba ufa kwa matope na majani ya mgomba. Jirani akamwambia awaite watu. Akamjibu: "Wakijua wataifungulia maji yote yapotee, na leo zamu ni yangu." Jirani naye akapita kimya, na yeye simsahau. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya ukoo. Nilijiambia huenda hakujua itafika hapo.

Sasa kasuku nimemzika karibu na kibaraza, alipokuwa akiwamwagia kuku mbegu.

Shemeji, jina lako siandiki, ukoo unakujua. Uliuona ufa. Ukawaona kuku wako wakipinda shingo. Usinitumie pole kupitia mkeo, wala usiniletee tetea mwingine. Njoo usimame mbele ya ukoo mzima, unieleze mara zote mbili mdomo wako ulikuwa wapi. Nijibu.