Sikio la Kushoto la Gisiri

Katika vilima vya juu ya Isebania, majirani walimwachia Gisiri ng'ombe wao kwa sababu ya masikio yake. Kengele ikilia kichakani, alijua ni ya ng'ombe gani na yuko upande gani.

Mwaka uliofuata Uhuru, sikio lake la kushoto likaanza kuuma, kisha likavuja usaha. Kengele aliendelea kuisikia, ila hakujua tena inalia wapi. Siku moja aliteremka bondeni kuwatafuta ng'ombe, kumbe wako mlimani, katika mahindi ya jirani yao Osoro.

"Tutafute mchungaji mwingine," Osoro alifoka. "Sikio la kufa halisikii dawa."

"Hili halijafa, mwanangu," Rael, mke wa Gisiri, alimjibu. "Rudi ukapalilie kilichobaki."

Rael alikuwa kifungua mimba kwao, akawalea wadogo zake tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto, na ugonjwa haukuwahi kumtia kiwewe. Alimpeleka mumewe kwenye zahanati. Dresa, mhudumu wa vidonda wa hapo, akamdunga Gisiri sindano, akamwonyesha Rael kazi iliyobaki: sokota kitambaa safi, kiingize taratibu bila kusukuma, kikilowa toa, weka kingine, mpaka kitoke kikavu. Maji yasiingie, mafuta yasiingie, na sikio liachwe wazi.

Rael alichemsha shuka kuukuu, akaianika juani, akaichana. Kila asubuhi Gisiri alilaza kichwa mapajani mwake, akinung'unika kama mtoto, na kitambaa cha mwisho kilitoka kikavu. Jioni alirudi na sikio limelowa, linanuka upya. Rael alitazama ule unyevu. Dawa ilikuwa sawa na mkono wake ulikuwa sawa. Basi kosa lilikuwa malishoni.

Akampelekea uji huko bila kumwambia. Alimkuta amekaa kwenye jiwe. Ndewe yake ndefu, iliyotobolewa na kuvutwa ujanani kama za wanaume wa rika lake, ilikuwa imekunjwa juu ya sikio. Rael aliishusha. Chini yake palikuwa na donge la siagi na manyoya ya ng'ombe.

"Baba Maroa! Nini hiki?"

"Nzi," alisema, akiangalia pembeni. "Wananifuata kama mzoga. Kidonda cha ng'ombe si tunakiziba hivi hivi?"

"Kidonda cha ng'ombe kiko nje. Wewe umeufungia usaha ndani kama maziwa kwenye kibuyu, halafu unashangaa yameganda!"

Gisiri alicheka, kwa aibu. Rael alilitoa donge, akavua kitambaa chake chepesi cha kichwani, akamfunga, upindo ukining'inia mbele ya sikio ili upepo upite na nzi wasitue.

"Nitachekwa, Mama Maroa."

"Wacheke. Upande huo hutawasikia."

Walimcheka kweli. Akavumilia. Vitambaa vya jioni vikaanza kutoka na unyevu kidogo, kisha vikavu kabisa.

Alasiri moja, wakiwa wanapukuchua mahindi uani na ng'ombe wakiwa malishoni karibu, kengele ililia mbali. Gisiri alisimama ghafla. "Yule mweusi. Anamwendea Osoro." Alikata njia moja kwa moja mpaka mlimani. Osoro alipotoka na fimbo, ng'ombe alikuwa ameshageuzwa.

Jioni Rael aliketi kushoto kwa mumewe, akasema chini chini, "Mkaidi mkubwa huyu."

"Nimesikia," Gisiri akasema.

"Vizuri. Lete kichwa nilitazame hilo sikio."

Akalaza kichwa.