Mipera Iliyopandwa na Shore

Shamba la marehemu babu lipo Chilangala. Mikorosho ilipokauka tuliliacha, tukabaki Mkomaindo, Masasi mjini, mama anakaanga vitumbua, mimi navionja. Sasa mama anataka kupanda mikorosho mipya, mara mjomba Yohana kapiga simu: jirani wa huko, Baba Rehema, anasema shamba ni lake, kapanda mipera. Na kwetu aliyepanda mti ndiye mwenye ardhi.

Mama akanivalisha shati jeupe la kanisani. "Kaongee kama mtu mzima. Na shati lirudi hivyohivyo."

Alfajiri nikapanda basi Masasi. Kwenye kona za kupandia mlima wa Newala, bibi mmoja alianza kusali kona ya tatu. Mimi nilianza ya kwanza.

Newala baridi, meno yanapiga ngoma. Nikachukua bodaboda.

Saa nne, Chilangala. Mjomba yupo shambani na Baba Rehema na mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamooni."

"Marahaba."

"Hii mipera nimepanda kwa mikono yangu," Baba Rehema akaanza, hata maji sijanywa.

Nikaangalia. Shamba zima nyasi tupu, halafu mipera yote imebanana chini ya mkorosho mmoja mkavu.

"Baba Rehema, ulipanda au ulijikwaa ukamwaga mbegu?"

"Nyie wa mjini mnajua nini?"

Nikaenda kusimama palepale chini ya mkorosho nimwoneshe. Ndege wawili, shore, wakatua kwenye tawi. Pwaa! Begani.

Mjomba akacheka mpaka akakaa chini. Mwenyekiti hakucheka. Akavaa miwani, akachokoa bega langu kwa kijiti.

"Mbegu za pera hizi." Akatazama juu, akatazama chini, akamtazama Baba Rehema. "Mpandaji tumemwona."

"Lakini mapera wamekula kwangu, nyuma ya nyumba!"

"Basi nenda katete nao huko juu. Shamba la watoto wa marehemu."

Baba Rehema akatazama tawi, mwisho akacheka na yeye.

Kumbe ndege hakai hewani. Akishiba anatafuta tawi, na shamba lililoachwa lina matawi mawili matatu tu. Anapumzika, anashusha mzigo, huku chini msitu unaanza bila jembe.

Jioni nikafika Mkomaindo. Mama aliona bega kabla hajaniona mimi.

"Shati la kanisani!" Akalivuta, beseni lipo tayari.

"Mama, usifue! Hiyo ndiyo hati ya shamba."