Ndoo ya Mchanga

Siku ile naikumbuka mpaka rangi yake, mwanangu Bhoke: nyekundu. Nilikuwa kijana, nimetoka hapa kwetu Itiryo kutafuta maisha, nikapata kibarua cha kufagia na kubeba mizigo kwenye stesheni moja ya reli, mbali huko. Huku kwetu treni tuliisikia kwenye hadithi tu, kwa hiyo nilipovalishwa koti la kazi nikavimba kichwa. Usinicheke.

Dumu la abiria mmoja lilivuja mawese mekundu pale watu wanapopandia. Nililiona. Ndoo ya mchanga wa kumwagia utelezi ilikuwa hatua kumi tu, nami nikajiambia, ngoja nimalize chai. Na chai yenyewe ya rangi, haina hata tangawizi!

Treni ikaingia. Mama mmoja akakanyaga yale mafuta, akateleza, mguu ukazama kati ya jukwaa na behewa. Bahati nzuri, gadi wa treni alimwona, akapunga bendera, treni haikuondoka. Tukamtoa hai, Mungu ni mwema, ila kifundo cha mguu kilivunjika.

Steshenimasta, mzee wa Kinyamwezi, akakaa kuandika ripoti. Wenzangu wakasema mama hakuangalia anapokanyaga. Ingeandikwa hivyo, mama angejilipia matibabu mwenyewe. Nami nikadakia, "Mzee, ajali haina kinga."

Akaweka kalamu chini. "Kweli, mura, ajali haina kinga. Lakini hii ilikuwa na ndoo ya mchanga."

Huyo mzee kila siku aliniita kijana kwa Kikurya chetu, mura, kwa utani. Siku hiyo hakutania. Niliona aibu, nikaihofia na kazi yangu, lakini nikasema: mafuta niliyaona mimi. Akaandika hivyo hivyo. Reli ikamtibu mama. Mimi nikapewa onyo, kazi ikabaki. Miezi ikapita, nikamwona yule mama anashuka treni kwa miguu yake. Nilikaa juu ya gunia nikalia, moyo mwepesi. Akaniuliza, "Leo umemwaga mchanga?"

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumatatu unaanza kazi kambi ya watalii kule Natta, kwenye ngazi za mbao zinazolowa umande. Ukiona utelezi, ni wako tangu ulipouona. Usimsingizie Mungu. Na ukikosea, sema mapema, kabla hajaonewa mtu.

Nenda, mwanangu. Mungu abariki mikono yako, na kila apitaye ulipofagia afike kwao na miguu yake miwili.